Kutoka Meko ya Matanga hadi Jikoni Ujerumani: Uchambuzi wa Kisa cha Karani wa Stoo wa Kisumu

Mhusika wa kisa hiki ana miaka 29, anaishi Nyalenda mjini Kisumu, na kwa miaka sita amekuwa karani wa stoo katika shule ya bweni. Wikendi hupika: matanga, harusi, mikutano ya kanisa. Mpe kuni, maji na wasaidizi wanne, na wageni 300 watakuwa wamekula na kushiba kabla ya saa tisa alasiri. Ana KCSE ya C+, diploma ya uhasibu, mtoto wa miaka mitano na akiba ya shilingi 180,000. Anataka kuacha stoo akawe mpishi ng'ambo. Hatumtaji jina kwa sababu si mtu mmoja. Hali yake inajirudia Kisumu, Kakamega, Busia hadi Nakuru, nasi tumeikusanya kwa mtu mmoja ili hesabu zishikike.

Ana njia tatu mbele yake. Wakala mmoja anamwahidi kazi ya upishi Uingereza kwa ada ya shilingi 150,000. Wakala wa pili ana barua ya hoteli ya Qatar: msaidizi wa mpishi, riyali 1,500 kwa mwezi, malazi na chakula juu ya mwajiri. Njia ya tatu kaisikia kwa binamu yake: Ausbildung ya upishi Ujerumani, yaani miaka mitatu ya kujifunza kazi huku unalipwa.

Njia ya Uingereza haihitaji mjadala mrefu. Tangu tarehe 22 Julai 2025, kazi ya mpishi haimo tena kwenye kazi zinazompa mwombaji mpya kutoka nje viza ya mfanyakazi stadi. Waliokuwa tayari ndani ya mfumo huo waliwekewa kanuni zao, lakini karani wa Nyalenda anayeanza leo hana mlango huo. Wakala anayechukua shilingi 150,000 kwa kazi hiyo anauza kitu kisichokuwepo, hata kama ana ofisi nzuri na picha za wateja waliosafiri mwaka 2023. Hao wa 2023 walisafiri kweli. Sheria ndiyo iliyobadilika, na wakala hana haraka ya kulisema.

Qatar ni jambo jingine, na si haki kuidharau. Tangu Machi 2021 kima cha chini cha mshahara huko ni riyali 1,000, na mwajiri asipotoa malazi anaongeza 500, asipotoa chakula anaongeza 300. Mfanyakazi anaweza kubadilisha mwajiri bila kuomba ruhusa ya yule wa kwanza, mradi atoe notisi. Riyali 1,500 ni kama shilingi 52,000 mkononi bila kodi ya nyumba. Kwa mtu mwenye cheti cha upishi na miaka miwili ya hoteli, hiyo ni hatua nzuri: atapata kasi ya mikono na nidhamu ya jiko kubwa. Kwa mhusika wetu kuna shimo moja. Hana cheti cha upishi wala barua ya kazi kutoka jiko lolote, kwa hiyo mwajiri akimpokea ana kila sababu ya kumweka sehemu ya kuosha vyombo. Barua inasema msaidizi wa mpishi, ila viza inaweza kuandikwa kazi nyingine kabisa. Anayekwenda Ghuba asome jina la kazi kwenye mkataba na kwenye viza yenyewe, kwa Kiarabu pia, na ahakikishe wakala amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, NEA. Sheria ya Ajira ya 2007 inataka mkataba wa kazi ya nje uthibitishwe na ofisa wa leba. Hatua hiyo ndiyo wengi wanayoiruka, halafu wanaikumbuka wakiwa uwanja wa ndege wa Doha.

Hoja kubwa dhidi ya Qatar kwa mtu huyu ni hii: baada ya miaka mitatu atarudi na pesa kidogo na barua ya mwajiri. Ujerumani, kwa miaka hiyohiyo mitatu, atapata pesa pungufu kuliko hizo lakini atatoka na cheti cha ufundi kinachotambuliwa, na ruhusa ya kubaki akitafuta kazi hadi miezi 18. Akishaajiriwa kama fundi aliyefunzwa hukohuko, anaweza kuomba ukaazi wa kudumu baada ya miaka miwili. Anayebadilisha kazi akiwa na miaka 29 anahitaji taaluma kuliko mshahara wa mwaka wa kwanza. Kwa hiyo njia tunayoiunga mkono ni ya tatu, na sehemu iliyobaki inahusu namna ya kuijenga isianguke.

Anachokijua na kisichopimwa matangani

Jamaa zake humwambia kwamba tayari ni mpishi. Ni kweli nusu. Anajua kupanga moto, kuamuru watu, na kutobabaika wageni wakiongezeka mia bila taarifa. Hayo hayafundishwi darasani, na mkuu wa jiko popote duniani atayathamini. Lakini jiko la hoteli hupima vitu vinne ambavyo matanga hayapimi: uzito, muda, joto na maandishi. Hapo ndipo wapishi hodari wa nyumbani huonekana wageni wa kazi, na hapo ndipo mwaka wake wa maandalizi unapaswa kwenda.

Tuanze na uzito. Yeye hupima mchele kwa gorogoro, lile kopo la sokoni, na chumvi kwa kiganja. Gorogoro si kipimo kibaya, ila huingia zaidi au kidogo kutegemea nafaka, lilivyokunjwa kitako na huruma ya muuzaji wa soko la Kibuye. Anunue mizani ya kidijitali ya kilo 5 inayosoma gramu moja moja, kisha apike vyakula vyake kumi vya kila siku akiandika kila kitu kabla hakijaingia sufuriani. Mchele mkavu gramu 80 kwa mtu mmoja ni sahani ya hoteli. Kwa watu 200 ni kilo 16. Akipima alichokuwa akipika matangani atakuta amevuka gramu 120 kwa kichwa, na huko ni sawa kabisa, kwa sababu mgeni wa msiba hubeba na cha kwenda nacho. Hotelini zile gramu 40 za ziada ni hasara inayotafutwa na meneja kila Jumatatu.

Zoezi linalofundisha kuliko yote ni la ngege (tilapia) mmoja. Nunua samaki mzima wa gramu 600, mpime na uandike. Mpare magamba, mtoe utumbo, mwoshe, mkaushe kwa kitambaa ili asiteleze. Weka kisu nyuma ya pezi la ubavuni, kata kuelekea mfupa wa kati bila kuuvuka, kisha geuza makali yaelekee mkia na utembeze kisu juu ya uti wa mgongo kwa mikato mirefu. Ukisikia kisu kinakwaruza mfupa kidogo, uko mahali pake. Ukisikia kimya, nyama inabaki nyuma. Pita juu ya mbavu badala ya kuzikata, toa ngozi, kisha pima minofu peke yake. Gramu 600 zitatoa karibu gramu 200, yaani thuluthi moja. Sasa ingiza uhasibu wake: ikiwa ngege alinunuliwa kwa shilingi 500 kwa kilo, minofu yake haikugharimu 500, imegharimu 1,500 kwa kilo. Mara ya kwanza atapata labda gramu 150, na minofu hiyohiyo itakuwa imepanda hadi shilingi 2,000 kwa kilo. Tofauti hiyo yote imetoka kwenye mkono wake na kisu. Akifanya samaki wawili kila Jumamosi kwa miezi mitatu, daftari lake litaonyesha namba ikipanda, na daftari hilo ni ushahidi wa kupeleka kwenye usaili.

Vichwa na mifupa visitupwe. Mtu wa Kisumu anaijua hesabu hii hata kama hajawahi kuiandika, maana mgongo wazi unaokaangwa Obunga ni kile kilichobaki kwa mbuta (sangara) baada ya viwanda kuchukua minofu. Kwa supu ya hoteli, mifupa huoshwa hadi damu iishe, hutiwa maji baridi na kitunguu, huletwa taratibu hadi kuanza kutetemeka, povu likaenguliwa, na baada ya dakika 20 hadi 30 supu huchujwa. Ikichemka kwa fujo huwa na ukungu. Ikikaa saa mbili kama supu ya mifupa ya ng'ombe, huwa chungu.

Kisu kinahitaji kufundishwa upya tangu mwanzo. Wapishi wetu wengi hukatia mkononi: sukuma wiki imeshikwa fundo kwenye kiganja, kisu kidogo kinakuja kuelekea kidole gumba, na majani yanaanguka kwenye beseni. Ni ustadi, na una kasi yake. Hotelini haukubaliki kwa sababu ya usalama na kwa sababu vipande havilingani. Anahitaji kisu kimoja cha sentimita 20 na ubao mzito wenye kitambaa chenye maji chini yake usiteleze. Vidole vya mkono ulioshika chakula vikunjwe ndani, kisu kiegemee pingili zake. Kitunguu kikatwe vipande vya milimita 3 kwa kila upande. Sababu si urembo. Kipande cha milimita 3 na cha milimita 8 vikiwa sufuria moja, kidogo kitaungua wakati kikubwa bado kibichi, na sosi itabeba uchungu wa kimoja na ukali wa kingine. Jiwe la kunolea la namba 1000 na pembe ya digrii 15 hadi 20 vinatosha. Kisu butu ndicho kinachokata watu, kwa kuwa mkono unasukuma kwa nguvu na ncha inateleza.

Kisha joto, mahali ambapo kosa halimuumizi mpishi bali mlaji. Chukua sufuria ya lita 40 ya maharagwe yaliyoiva saa tatu usiku. Kwa kawaida hufunikwa na kuachwa hadi asubuhi, kisha huchemshwa tena. Ukichovya kipimajoto katikati asubuhi utakuta bado kuna vuguvugu, kwa sababu joto hutoka kupitia juu na pembeni tu, na katikati ya sufuria ndefu liko mbali na pande zote. Kati ya nyuzi 5 na 60 bakteria huzaana vizuri, na baadhi, kama yule wa wali uliolala, huacha sumu isiyoondoka hata ukichemsha tena. Dawa yake ni kumimina chakula kwenye trei zenye kina kisichozidi sentimita 5, kuzikalisha juu ya maji ya baridi au barafu, kukoroga, na kuingiza kwenye friji mvuke ukishaisha. Kipimajoto cha kuchoma ni kitu cha bei ndogo kinachobadilisha mazoea haraka kuliko semina. Kuku afike nyuzi 75 katikati. Chakula cha kungoja wageni kisishuke chini ya 63.

Yote hayo yaandikwe: saa, joto, jina la aliyepima. Ulaya, Kanuni namba 852 ya 2004 inalazimisha kila biashara ya chakula kuwa na utaratibu wa HACCP, yaani wa kutambua na kudhibiti hatari za chakula, na jiko lisilo na kumbukumbu linahesabiwa kuwa halikupima. Kisumu hii si habari ngeni. Umoja wa Ulaya ulipozuia samaki wa Ziwa Victoria mwaka 1999, mji huu uliona jinsi soko zima linavyofungwa kwa sababu ya usalama wa chakula. Kwa karani wa stoo, kujaza fomu ni kazi iliyo damuni mwake. Hapa ndipo anapowapita vijana wa miaka 18 atakaoanza nao, na aseme hivyo waziwazi kwenye barua yake ya maombi.

Jiko la kweli kabla ya ndege

Kabla ya kulipia somo lolote la Kijerumani, afanye kazi miezi mitatu katika jiko la hoteli Kisumu, hata kwa posho, hata zamu za Ijumaa hadi Jumapili pekee. Atahitaji cheti cha afya cha mhudumu wa chakula, kinachorudiwa kila miezi sita. Lengo ni kujua kama anaipenda kazi yenyewe: kusimama muda wa saa tisa, kukaripiwa kwa sauti, kurudia sahani ileile mara 60 kwa usiku mmoja. Matanga yana sifa na shukrani mwishoni, ilhali hotelini sahani ikiwa sawa hakuna anayesema neno. Wapo wanaogundua hapo kwamba walipenda kulisha watu na hawakupenda upishi wa kazi, na ni heri kuligundua Milimani kuliko Munich.

Je, asome kwanza upishi, labda katika Kisumu National Polytechnic? Kwa anayelenga Qatar, ndiyo, na akakae pia mtihani wa ufundi. Kwa Ausbildung si lazima, kwa kuwa mafunzo yanaanzia sifuri na hayana kikomo cha umri kisheria. Pesa na jioni zake ziende kwenye lugha.

Lugha ndiyo inayokwamisha wengi. Kiwango kinachotakiwa kwa kawaida ni B1, ngazi ya tatu kati ya sita, na kutoka sifuri hadi hapo ni vipindi 350 hadi 650 vya dakika 45. Kwa vipindi 15 kwa wiki ni miezi sita hadi kumi, bila likizo. Mitihani ya Goethe-Institut, taasisi ya lugha ya Kijerumani, hufanyika Nairobi, kwa hiyo aweke nauli na malazi kwenye bajeti, na asisubiri wiki ya mwisho kujisajili. Kosa la kawaida ni kufaulu karatasi na kushindwa jikoni. Mkuu wa jiko hazungumzi kama kitabu. Anapaaza sauti akiwa amekupa mgongo, feni ikinguruma, kwa maneno mafupi. Tangu mwezi wa tatu wa masomo ajifunze maneno 200 ya kazi: majina ya visu, vyombo, mikato, vitenzi vya kupika, vizio, na hasa namba, kwa sababu Wajerumani hutaja mamoja kabla ya makumi, na anayesikia 42 badala ya 24 ameharibu oda.

Kwa kuwa mafunzo huanza Agosti au Septemba, maombi yaende karibu mwaka mzima kabla. Nafasi zinatangazwa bure kwenye tovuti za shirika la ajira la Ujerumani na chemba za biashara na viwanda, IHK, kwa hiyo hakuna sababu ya kumlipa mtu kwa kuzitafuta. Atume wasifu mfupi, cheti cha KCSE kilichotafsiriwa na mtafsiri aliyeapishwa, barua ya hoteli ya Kisumu, na kurasa mbili za daftari la ngege. Usaili huwa wa video. Mkataba ukija, ahakikishe umesajiliwa na IHK. Mkataba usio na usajili huo ni barua tu. Mwajiri aliye makini anaweza pia kuanzisha utaratibu wa haraka wa viza kwa ada ya yuro 411. Viza yenyewe ni yuro 75.

Karatasi za hapa nyumbani zina mtego mmoja mkubwa: majina. Kitambulisho kina majina matatu, KCSE ina mawili, cheti cha kuzaliwa kina herufi tofauti kwa jina la babake. Alinganishe yote mwezi wa kwanza, kabla ya kuomba pasipoti katika ofisi ya uhamiaji Kisumu, kwa kuwa marekebisho huchukua miezi na kila afisa wa viza huona tofauti hizo kwanza.

Miezi minne ya kwanza, na pesa

Kipindi cha majaribio hakizidi miezi minne, na ndani yake upande wowote unaweza kuvunja mkataba bila kutoa sababu. Likitokea hilo, si mwisho: hupewa hadi miezi sita kutafuta nafasi nyingine, mradi aripoti ofisi ya wageni badala ya kujificha. Kabla ya siku ya kwanza ahudhurie maelekezo ya ofisi ya afya kuhusu usafi wa chakula, maana bila hati hiyo haruhusiwi kugusa chakula. Zamu nyingi zimekatwa mbili, asubuhi hadi saa nane, kisha jioni hadi saa nne au tano usiku. Na kila wiki ajaze daftari la mafunzo: alichofanya jikoni na alichosoma shuleni, na mkufunzi atie sahihi. Asiyekuwa na daftari kamili haruhusiwi kukaa mtihani wa mwisho, hata awe mpishi wa namna gani.

Kwa mikataba ya mwaka 2025, malipo ya chini kisheria yalikuwa yuro 682 kwa mwezi mwaka wa kwanza, 805 wa pili na 921 wa tatu. Hoteli zinazofuata mapatano ya vyama vya wafanyakazi mara nyingi hulipa zaidi ya 1,000, na atafute hizo, kwa sababu malipo yakiwa madogo ubalozi utataka aonyeshe pesa za kujazia. Tuchukue 1,000. Bima na pensheni zikikatwa, hubaki kama 795. Chumba 350, chakula 200, tiketi ya usafiri 58 (bei ya 2025), simu 15. Zimebaki 172.

Hapo ndipo mazungumzo na familia yanapotakiwa kufanyika, nyumbani, wiki nyingi kabla ya tiketi. Mamake ndiye atakayebaki na mtoto, na huenda chama na majirani wamechangia safari. Kila mmoja ana kiasi anachokitarajia kichwani, na kwa kawaida ni shilingi 20,000 kwa mwezi. Kwa kiwango cha shilingi 150 kwa yuro, hizo ni yuro 133, na yeye abakiwe na 39 za viatu vya jikoni, koti la baridi na dharura. Sheria inamruhusu kazi ya ziada hadi saa 20 kwa wiki, lakini aliyetoka zamu saa tano usiku hana saa hizo. Aahidi shilingi 8,000 mwaka wa kwanza, aziandike, na karo ya mtoto ya mwaka huo ailipe kutoka kwenye zile 180,000 kabla hajaondoka.